Honi ya Saba

Kutoka Bonite kupanda mjini
sikumwona mtu.
Niliona kilima cha majani kikitembea,
mabua ya mahindi, majani ya tembo,
yamefungwa kwa mpira wa tairi bovu,
yanayumba kushoto, yanafikiri, yanayumba kulia,
na chini yake visigino viwili vilivyopauka
vinapokezana kazi.

Mimi nina Canter na mifuko themanini ya saruji.
Tajiri ameshapiga simu mara tatu, na saa mbili bado:
"Uko wapi? Mafundi wamekaa. Mafundi wakikaa wanakula."
Gia ya pili. Gia ya kwanza.
Lori la nyuma linanimulika taa
kana kwamba mimi ndiye niliyeotesha majani kwenye lami.

Nikapiga honi.
Honi yangu haina adabu, niliifunga Majengo,
ina sauti ya basi la Dar.
Majani hayakugeuka. Majani hayana shingo.
Utingo wangu, Mfinanga, akatoa kiwiliwili dirishani:
"We majani! Barabara ya baba yako?"
Upepo ukayachukua maneno, ukarudi nayo TPC kwenye miwa.

Nikapiga tena, na tena.
Nikasema maneno ambayo darasa la kipaimara halikunifundisha.
Nikasema hawa watu hawana leseni, hawana bima,
hawana taa, hawana woga,
robo tatu ya presha yangu ni wao.
Kisha nikapita,
nikapita kama ninavyopita siku zote,
macho mbele, roho nyuma,
na katikati ya hivyo viwili
kitu kikasema kwaruu.

Mfinanga akanyamaza.
Mfinanga huwa hanyamazi.

Keepilefti ya YMCA, trafiki ameinua mkono.
Kuna msafara, hakuna anayejua wa nani.
Tukazima injini.
Kibo siku hiyo alikuwa amevua wingu,
amekaa kule juu kama mtu asiyedaiwa.

Ndipo nikasikia kengele.
Kengele ndogo, kri-kri, ya baiskeli,
inapita malori, inapita Noah,
inapita Land Cruiser za watalii na vioo vyao vya giza,
kilima kinakuja peke yake pembeni ya foleni
hadi mlangoni kwa Mfinanga.

Mtu mzima, kandambili, shati la kampeni
ya mgombea aliyeshindwa zamani.
Mkono wangu ukaitafuta spana chini ya kiti.
Akasema, "Habari za kazi. Naomba majani yangu."

Kwenye saidimira ya kushoto
konzi nzima ilikuwa imenasa,
mabichi, bado yana umande.

"Umepiga honi mara saba," akasema. "Nimehesabu.
Ya kwanza nikasogea. Ya pili nikasogea.
Ya tatu nikawa mchangani. Ya nne nikauona mtaro.
Hizo tatu za mwisho sikujua zinanitaka niende wapi.
Nikadhani labda unanifahamu."

Mfinanga akacheka, akaacha katikati.
Yule bwana akachomoa majani, unyasi mmoja mmoja,
akayarudisha kwenye mzigo
kama anayehesabu chenji ya mtu mwingine.
Kiwikoni ana mchubuko mpya,
vumbi limeanza kuukalia.
Hakuutaja. Nami sikuutaja.

"Ng'ombe wangapi?" nikauliza,
maana ilibidi mtu aseme kitu.
"Mmoja. Tena si wangu."

Trafiki akashusha mkono, na dunia yote nyuma yetu
ikapiga honi kwa pamoja.
Terewaeli (jina lipo kwenye madigadi, kwa rangi ya geti)
alisukuma hatua tatu, akarukia tandiko,
akaingia mbele yangu, anayumba, anafikiri, anayumba.

Gia ya kwanza. Simu inaita.
Nilikaa nyuma yake hadi barabara ilipopanuka yenyewe.
Si kwa wema, sitajisingizia.
Niliogopa kuhesabiwa.