Sahihi ya Wino wa Buluu

Mimi ndiye niliyemfungia mafaili
miaka ishirini na miwili, mahakama ya Lüneburg,
ghorofa ya pili, dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli.
Maisha yake nayajua kwa unene wa karatasi.

Frauke Wiarda. Alianzia chini,
ofisi ya wilaya, dawati la vibali vya ujenzi,
miaka ishirini na minane, koti la kuazima,
akitia sahihi amri kabla chai haijapoa:
uzio huu umezidi, paa lile lishushwe,
banda la bata livunjwe ndani ya siku thelathini.
Nilikuwa wembe mpya, aliniambia baadaye,
na wembe mpya hauchagui ndevu.

Kisha joho. Kisha kiti cha kati katika jopo.
Mwananchi upande huu, Dola upande ule,
na yeye na glasi yake ya maji ya bomba.
Neno "haki" alilitaja kwa nadra,
kama mtu anavyotaja deni.
Aliuliza: barua ilifika lini? Nani aliipokea?
Mkulima wa viazi aliyechelewa siku moja,
mkewe akiwa katika uchungu wa kuzaa,
alimtafutia mlango mdogo ndani ya sheria,
akaupata kifungu cha sitini,
akamrudishia siku yake.
Wengine hawakuwa na mlango.
Aliwaambia hivyo polepole, akiwatazama usoni.

Jumanne moja ya Novemba likaja faili jembamba.
Rufani ya mjane, Tjalda Eekhoff wa Bunde,
na tanuri la mkate alilojenga marehemu mumewe
nusu mita kuupita mpaka wa mtaro.
Amri ya kulivunja ililala miaka kumi na tisa
hadi ofisa mpya, mwenye bidii, akaiamsha.
Ukurasa wa nne. Wino wa buluu.
*F. Wiarda.*

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.
Nami sikusema neno. Redieta iligonga ukutani.
Akaandika mistari miwili: najitoa katika shauri hili,
mkono ulioandika amri ni wangu.
Nikalibeba faili hadi jopo la jirani
na hakuliulizia tena,
si ngazini, si kantini.

Jumamosi iliyofuata, kumbe,
alipanda treni tatu na basi la mashambani
akasimama ng'ambo ya ule mtaro kama mpita njia.
Moshi. Harufu ya mkate mweusi.
Bibi mmoja alimpungia mkono wenye unga.
Hakuvuka.

Machi, amri ikabatilishwa.
Akaja kwangu masijala, akapanga foleni
nyuma ya wakili kijana mwenye kikohozi,
akaomba nakala ya hukumu.
Nikasema, Mheshimiwa, chukua tu.
Akasema, kurasa ni ngapi?
Kumi na moja, senti hamsini kila mmoja.
Akahesabu sarafu, moja ikaanguka, akaifuata chini ya meza.
Akasubiri risiti.