Karatasi ya Tatu

Baba aliuza dawa Chake Chake.
Ndani ya mtoto wa meza, chini ya kwinini,
aliwalaza mashujaa wa Japani,
kila mmoja na punje za karafuu ubavuni
ili nondo wasitafune panga.

Majina yao hakuyajua, akawapachika ya mtaani:
huyu apiganaye na buibui, Makame wa Polisi;
yule aliyempanda samaki kama punda, Shemeji.
"Hawa hawakuchorwa," akisema, "wamechongwa ubaoni,
kama mlango. Ona patasi ilipoteleza,
wekundu umeukosa mdomo."

Picha mbili zilikuwa za vita vilevile.
Farasi, moshi, upanga juu,
na adui yuko karatasi ya tatu,
ambayo baba aliisaka miaka thelathini
kwa barua, kwa mabaharia,
kwa pesa za karafuu ambazo mama alizililia.

Mnunuzi alikuja baada ya arubaini.
Nikampa zote, harufu na yote.
Nikabakisha hizi mbili, ukutani,
na kushoto kwao nafasi tupu,
upana wa karatasi.

Jana usiku mjusi alisimama pale,
koo likimpwita.
Shujaa hakushusha upanga.
Nami sikumfukuza.