Sufu Ghorofa ya Nne

Bibi Ulbolsin alitandaza sufu ndani ya bafu,
ghorofa ya nne, mtaa wa wachimba makaa, Karaganda.
Akaimwagia maji ya moto, akaikwangulia sabuni ya kufulia,
akavua soksi, akaingia.
"Na wewe panda. Kanyaga.
Kila hatua unitajie jina."

Shuleni niliitwa Raya.
Mwalimu alisema Rabiga linamkwama kooni
kama mfupa wa samaki, nami nikamwonea huruma,
nikalikata jina langu, nikamtafunia.
Nyumbani Bibi hakutafuniwa kitu.

La kwanza rahisi: Serikbol, baba yangu,
saa ile yuko chini ya ardhi, taa kwenye paji.
La pili Mirzabek, babu,
yuko ukutani na medali zake na jicho moja.
La tatu Kaldibai. Maana yake, aliyebaki.
Walizaliwa sita kabla yake, wakazikwa sita,
wakamwita hivyo ili mauti yasikie kwamba kazi imekwisha.

Hapo Bibi alisimama. Maji yalimfika vifundoni.
"Aliyebaki," akasema, "ndiye hakubaki.
Walikuja wakahesabu kondoo, wakawaswaga wote.
Majira ya baridi yale, aliyehesabu watu ni njaa.
Alitoka na ngamia mmoja kufuata mpaka wa Uchina.
Ngamia alirudi."

Sikujua niseme nini. Nikakanyaga.

La nne Itemgen, aliyenyonyeshwa na mbwa,
jina baya la makusudi, kijicho kimpite kando.
La tano Toksanbai, alipozaliwa babu yake ana miaka tisini.
La sita

mlango ukagongwa.

Bi Irma wa ghorofa ya tatu,
kandambili, kanga mbichi za hasira shavuni, ndoo mkononi:
"Dari langu linalia!"
Bibi hakuomba radhi. Alisogea, akampa nafasi.
Sijui ni kwa nini yule mama alivua kandambili.
Labda ni ule mvuke. Labda harufu ya kondoo aliyelowa,
maana wazee wake nao waliletwa huku kwa treni, Wajerumani wa Volga,
wakashushwa katikati ya theluji kama magunia.
Akapandisha gauni, akaingia.
"Taja wako," Bibi akamwambia.
Bi Irma akataja Genrikh. Akataja Yohan.
Kisha akakanyaga muda mrefu, kimya,
na maji yakaendelea kushuka kwenye dari lake mwenyewe.

Zulia lilitoka pogo.
Pembe za kondoo dume tulizochora kwa sufu nyeusi
zilijikunja zikawa konokono.
Bibi alilitazama, akasema, "Limeshikana. Hilo ndilo la maana."

Leo liko chini ya mashine ya kufulia,
lizuie ule mtikisiko usiwaudhi wa ghorofa ya tatu,
watu wapya, sijawajua majina.
Mwanangu Bekzat ana miaka saba.
Orodha yake si yangu: saba wake ni wa upande wa mume wangu,
ndivyo ada ilivyo, nami nimemfundisha bila kukosea hata mmoja.
Lakini mashine inapofika kukamua na kuanza kurukaruka,
hulipanda hilo zulia kwenye ncha inayojitokeza,
akapiga mguu, akataja wake saba,
kisha kwa pumzi ileile akataja wangu,
Itemgen akimchekesha kila mara.

Juzi aliuliza, "Na aliyelitengeneza alikuwa baba wa nani?"
Nikamwambia hakuwa baba wa mtu.
Nikamwambia jina lake lilikuwa dua ya wengine:
Ulbolsin, na awe mvulana,
ndivyo walivyomwita mtoto wa kike wa tano,
kumkumbusha Mungu alichosahau.

Akafikiri. Mashine ikatulia.
"Basi huyo ni wa ngapi?"
Nikatoa mashati, nikaanza kuanika.
Nyuma yangu nikasikia mguu mmoja ukipiga
bila mtikisiko wowote wa kuufuata,
na jina hilo, limetamkwa lote,
halikukatwa.