Daraja

Mimi nilikuwa daraja la pili,
zimwi lilikuwa daraja la thelathini,
na tulikutana darajani.
Twalib alicheka mpaka chai ikamtoka puani.
"Dada, ulimwengu uko wazi, zunguka!
Kaue panya, kachume dawa porini,
urudi ukiwa mtu."

Sikuzunguka.
Mara kumi na moja likanitupa mtoni,
na feni ya mezani, chumba chetu cha Kibokoni,
ikitikisa kichwa: hapana, hapana.

Ndipo nikajifunza kazi ya wanyonge.
Panya wa ghala. Nyoka wa shimoni.
Pointi moja ya nguvu, moja ya subira
(subira haimo kwenye orodha, niliitia mwenyewe).
Mchana nawapimia watu dawa Makadara,
usiku nanoa upanga.
Stima ikikatika kabla sijahifadhi,
saa tatu za jasho, innalillahi.

Kitu kimoja kiliniudhi:
kila nilipopanda, majambazi walipanda nami.
Mwizi wa kuku wa juzi
leo yuwanijia na deraya ya dhahabu.
"Sasa nakua kwa faida gani?"
Twalib akasema, "Muulize mwenye nyumba,
yeye huyajua hayo kila Januari."

Zimwi peke yake halikubadilika.
Thelathini jana, thelathini leo.
Nikaliheshimu kwa hilo.

Twalib akapata kazi Doha, ghala la vipuri.
Wiki ya pili nikaenda darajani,
kumi na tisa tu, nikitegemea bandu bandu.
Pigo la tatu, likaanguka
kama gunia lililokatwa kamba.

Nikakaa kimya.
Upanga wangu naujua, haukati hivyo.
Nikafungua mipangilio. Kwenye ugumu
pameandikwa: Rahisi.
Mtoto yule! Usiku aliofunga begi
alisema yuwazima mashine tu.

Doha na Mombasa saa ni moja.
Nilishika simu nimtukane,
nikaandika, "Umekula?"
Akajibu, "Umevuka?"
"Bado," nikasema.

Nikarudisha Ngumu,
nikafungua hifadhi ya kabla ya pigo.
Zimwi likainuka, likajipangusa matope.
Lenyewe thelathini, mimi kumi na tisa,
ngao juu.
Feni ikageuka kunitazama:
hapana,
hapana.