Suruali ya Mahameli

Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa;
inapiga bati mpaka tunasomana midomo.
Mama kasogeza kigoda mbele ya runinga,
miwani kaifuta kwa pindo la kitenge.

Diski ya kwanza, Atuganile ni malkia.
Anakunywa sumu, anaimba, anaanguka,
anaimba tena akiwa chini.
"Mwenye sumu tumboni hapati pumzi hiyo,"
Mama anasema. Alikuwa nesi Makandana, anajua.

Diski ya pili anakohoa damu kwenye leso.
Kamera inamsogelea, karibu kuliko tiketi yoyote,
na chini ya poda naliona kovu la kidevuni:
ngazi ya parachichi, mwaka ule wa mvua ya mawe,
mimi ndiye niliyeachia.
Watu wa ukumbini hawakuliona.
Wamelipa, wamelia, wamekwenda.

Mama hataki vifo. Anataka ya tatu,
ile anayoigiza kijana wa kiume:
suruali ya mahameli, upanga wa bati,
mikono nyuma, kichwa upande,
anavuka jukwaa kama mtu anayekagua chai yake.

"Rudisha."
Narudisha.
"Hapo. Simamisha."

Baba, aliyezikwa Atuganile hajaota meno,
amesimama kiooni, anatetemeka kidogo,
mikwaruzo ya diski ikimpita kifuani.

Kitaliano hatukijui. Mvua inazidi.
Mama anainama, anamuuliza kwa Kinyakyusa
kama amekula.