Mara Tatu

Niliipakua usiku tatu, saa za megabaiti nafuu,
kwa simu ya Buuma iliyofungwa mpira.
Programu haina bei. Msimbo wake uko wazi
kama jiko la msiba: ingia, koroga, ongeza chumvi,
ila usiondoke na sufuria.

Dunia ikafunguka kwenye kioo chenye ufa,
buluu, ndogo kama limau.
Nikaizungusha kumtafutia shangazi Kavira Goma yake.
“Polepole,” akasema, “watu wasije wakamwagika.”

Tukashuka. Ziwa kwanza,
kisha uwanja wa ndege, kisha Majengo,
mabati yakimeta kama sambaza kwenye beseni.
Kichochoro chetu hakikuwa na jina.
Nikaweka nukta: robine.
Nukta: fundi chukudu.
Nukta: ukuta ambao Mama Nsimire anasema si wetu.
“Hiyo ifute,” akasema. “Usimpe ushahidi.”

Nikainamisha picha nimwonyeshe upande wa kaskazini,
nikasahau kipimo cha miinuko.
Nilikuwa nimekiweka tatu, vilima vionekane.
Nyiragongo ikasimama ghafla nyuma ya mabati,
nyembamba, ndefu mno,
kama mtu aliyekuja kudai deni na hataki kiti.

Nikajieleza haraka: shangazi, hii ni hesabu tu,
kila mita imezidishwa mara tatu,
ngoja nirudishe moja, ndiyo kweli.

Akaushika mkono wangu juu ya kipanya.
“Usiku ule wa mwezi wa tano,
nilipogeuka na godoro kichwani,
mlima ulikuwa hivi hivi.
Huyu aliyeiandika, alikuwepo?”

Sikujua. Labda aliandikia mahali tambarare,
pua yake haijui kiberiti kinavyonuka alfajiri.
Lakini aliacha namba pale
ambayo yeyote anaweza kuibadilisha.

Jenereta ya jirani ikakohoa, ikakata.
Tulikaa gizani, yeye bado akitazama kioo
kana kwamba kitu kilikuwa kinashuka humo.

Asubuhi nilirudisha moja.
Watu wa mabomba wanangoja miinuko yao,
na maji hayapandi mlima wa kuzidishwa.
Nikawatumia faili lao.

Lingine liko pembeni, sijamtumia mtu.
Nimeliita Kavira.
Ukilifungua, funga mlango kwanza,
na ile tatu usiiguse.