Shingo ya Baiskeli

Dukani Isevya, begi la usukani elfu themanini.
Nililishika, nikalipapasa, nikalirudisha mahali pake
kama mtu aliyeazimwa mtoto mchanga wa jirani.
"Hili halilowi," akasema muuzaji.
Hata mfuko wangu haulowi, kaka,
umekauka tangu tarehe kumi.

Safari yenyewe si ya kutangazwa:
Jumamosi jioni kwenda bwawa la Igombe,
kulala usiku mmoja, Jumapili kurudi
kabla mama Nyanzobe hajaanza kuuliza
mtu mwenye kitanda cha mninga
analala porini akimkimbia nani.

Basi nikachukua kiroba cha sukari,
nikakifua mara mbili, nikakianika juu ya ua.
Ndani shuka, chandarua, fulana ya kulalia.
Nikafunga kwa mpira wa tyubu iliyokufa,
ule ule wanaofungia kuku na mkaa:
zungusha, vuta, pitisha chini, kaza,
na katika kukaza huko
nikaifunga na waya wa breki.
Tabora ni tambarare, kila mtu anajua.
Kamteremko kenyewe ni kamoja.
Nilikakuta.
Nilipokelewa na tofali mbichi za mtu anayejenga,
tofali kumi na moja, nikazilipa zote.

Usiku ule kando ya bwawa
nilijifunza kwamba sukari haifuliki.
Sisimizi walikuja mstari mmoja, wametulia,
kama watu wenye stakabadhi.

Wiki iliyofuata nikapasua dumu la mafuta ya alizeti,
nikalitoboa mgongo, nikalining'iniza mbele:
kikombe, kisu, kiberiti, chumvi ndani ya karatasi.
Ko-ko-ko, ko-ko-ko, kilomita ishirini nzima.
Kanga waliruka vichakani.
Mchunga ng'ombe alisimama akihesabu wake,
akidhani kuna mmoja kavaa njuga akapotea.

Ndipo nikaenda kwa Kalunde, Kanyenye,
yule anayeshona viti vya bodaboda,
sindano mdomoni, redio chini ya meza.
Hakuniuliza naenda wapi.
Aliinua gurudumu la mbele, akaliachia lidunde,
akasema kwa pembe ya mdomo:
"Usukani ni shingo. Shingo huvikwa shanga,
haitwikwi gunia.
Sufuria yako, maji yako, huo unga, nyuma, kwenye keria.
Mbele weka kile ambacho ukikirusha juu
kinachelewa kushuka."

Akakata turubai, baki la lori la tumbaku,
akalishona mfano wa mto, mdomo upande mmoja.
Nikataka zipu. Akacheka, sindano ikacheza.
"Zipu itakufia njiani. Kunja mdomo mara tatu, funga."
Akakata kandambili kuukuu, ya kushoto,
vipande viwili, akavipachika kati ya begi na chuma
ili waya wa breki upumue.
Elfu nne.
Nikaomba apunguze, akapunguza mia tano
akanituma soda ya mia saba.

Mvua ilitukuta mimi na begi baada ya reli.
Sikuwahi kupanda baiskeli nimelowa vile
huku nikijua, kwa furaha ya mchoyo,
kwamba mbele yangu kuna shuka kavu.
Breki zilishika. Usukani uligeuka niliposema geuka.

Na sisimizi walikuja, nisiseme uongo.
Niliwamulika kwa tochi:
wa kwanza alifika kwenye pindo, akanusa tumbaku,
akasimama, akashauriana na wa pili.
Wakarudi.

Nililalia begi hilo badala ya mto
nikapiga chafya hadi bata wa bwawani wakahama.
Nguo zangu zote sasa zinanuka ghala.
Mama Nyanzobe ananusa, ananitazama,
anaamini nimeanza kuvuta.
Nimemweleza habari ya begi mara mbili.
Jana ameniomba nimwazime:
ana mayai ya kupeleka Cheyo,
na amesikia, sijui kwa nani,
kwamba mbele ni mahali pa vitu vyepesi.